Mlango wa Jiko la Kagure

Mwanamke wa Mukurweini akifunga mlango wa jiko mchana, watu hawaulizi kama ana jambo. Wanauliza ni jambo gani. Moshi unataka kutoka, jirani anataka kuchungulia, na wewe umefunga? Murugi aliuona mlango wa mkamwana wake Kagure umefungwa mara ya kwanza, akapita zake. Mara ya pili, kwenye nyufa za mbao ikapenya harufu ya sukari iliyopikwa hadi ukingoni mwa kuungua. Harufu hiyo aliijua.

Marehemu mumewe, Gatimu, alikuwa mpika chang'aa, ile pombe kali ya magendo. Mapipa aliyazika kwenye migomba, sukari nguru akaichemsha kwa siri, na alichokipika alikinywa kuliko alichokiuza, mpaka kikamzika yeye. Murugi akabaki na mtoto mmoja, Wamae, na Wamae, tuseme ukweli, alikuwa na koo la babake. Pombe aliiacha alipomwoa Kagure, juzijuzi tu. Kila jioni Murugi aliketi mlangoni kwake akisikiliza hatua za mwanawe zikirudi kutoka kiwanda cha kahawa, kujua kama zinakwenda sawa. Bado zilikwenda sawa. Sasa nani huyu anayempikia sukari nyuma ya mlango uliofungwa?

Tena Kagure hakuwa mtu wa kusomeka. Alikulia Nyeri mjini, akishona nguo kwenye baraza ya duka la Mhindi mmoja aitwaye Kirit, na alikuwa na tabia ya kutabasamu bila kueleza kitu. Miaka ile ya sabini sukari ilikuwa ikiadimika, wenye maduka wakiificha chini ya kaunta, lakini yeye alishuka kwenye basi na furushi zima.

"Ni Rasila amenipatia," alisema, yaani mke wa Kirit, kisha akapita.

Murugi aliguna. Tangu lini mwenye duka akagawa sukari bure?

Utasema, si amuulize tu? Basi hujui watu wetu. Mama mkwe haulizi kinachopikwa kwa mke wa mwanawe, sembuse kufunua sufuria yake. Ukifunua, umetangaza kwamba una njaa au una wivu, na Murugi hakuwa tayari kusemwa kwa lolote kati ya hayo mawili. Basi hakuuliza. Alichunguza. Na waliosema ukimchunguza sana bata hutamla hawakukosea.

Kagure alipokwenda mtoni, Murugi aliingia kwenye migomba na kijiti chake. Nyuma ya mgomba wa mwisho alikuta udongo mbichi, umefukuliwa na kufukiwa, na sisimizi wamejaa juu yake kama watu wa mnada. Akachokoa. Vikatoka vigae vyeusi, vigumu, vinavyong'aa. Akaonja kimoja kwa ncha ya ulimi: kitamu, halafu kichungu. Machicha ya Gatimu hayakuwa hivi, lakini nani ajuaye siku hizi huko mjini wanapika vipi? Alipiga magoti palepale akalia. Mtoto wa nyoka ni nyoka, watu wangesema, na Wamae angemfuata babake.

Alipofuta machozi alikwenda moja kwa moja kwa Nderitu, mzee wa kijiji, yule aliyekuwa akitembea na askari wa chifu kuvunja mitungi ya pombe.

"Kuja kesho mchana," alimwambia. "Niko na mkutano ya akina mama wa kanisa. Huyo msichana atajua niko na wageni, hatashuku. Na mimi nataka mashahidi. Akirudishwa kwao, mtu asiseme ati ni mdomo yangu."

Kesho yake akina mama walifika, Watiri mbele. Watiri huyu ndiye aliyeleta keki mkutano uliopita, akazitazama ndizi za Murugi na kuuliza, "Mama Wamae, hizi ni za wageni ama ni za ng'ombe?" Walicheka sana siku ile, na Kagure alikuwa amesimama hapo na birika la chai.

Mlango wa jiko ulikuwa umefungwa. Harufu ilianza wakati wa sala. Murugi aliomba kwa jicho moja, jingine likiwa langoni.

Kagure akaingia na sinia. Vipande vya ndizi mbivu, vipande vya mapeasi, na katikati bakuli la kitu kizito, cha kahawia, kinachovutika.

"Mnisamehe nimechelewa. Hii inaitwa karameli. Unachovya tunda." Kisha akamgeukia Murugi, na kwa mara ya kwanza akaeleza. "Sukari unayeyusha peke yake kwa sufuria, bila maji, mpaka ikuwe rangi ya chai ya rangi. Halafu siagi na malai, inafura kama imekasirika, halafu chumvi kidogo. Ukizubaa imeungua. Mimi nimeunguza mingi, mama, nikaizika huko kwa migomba. Sukari ya kuomba! Nilikuwa nafunga mlango juu ya aibu. Lakini nilisema hakuna mtu atacheka ndizi yako tena."

Watiri alikuwa akitafuta kipande kingine kwa macho. "Mama Wamae," alisema mdomo umejaa, "Mungu amekupatia mtoto."

Murugi alichovya ndizi yake. Ilikuwa tamu, tamu yenye uchungu mdogo nyuma, na furaha ikamjaa kifuani hadi akataka kucheka. Wamae alikuwa salama. Ndipo akamkumbuka Nderitu. Aliinuka kwenda kumzuia langoni, lakini mzee alikuwa ameshafika kizingitini, rungu kwapani.

"Hodi! Mama Wamae, nimekuja vile uliniambia. Hiyo chang'aa ya bibi ya kijana yako iko wapi?"

Hakuna aliyetafuna. Kagure hakumtazama Nderitu. Alimtazama Murugi, akatazama hadi akaelewa, kisha akachovya kipande cha peasi na kumpa mzee kwa mikono miwili.

"Ni hii, mzee. Onja."

Nderitu alionja, akalamba kidole, akauliza kama imebaki. Akina mama waliangua kicheko, wote isipokuwa wawili.

Kagure hakugomba, wala hakurudi kwao, wala Wamae hakusikia neno kutoka kwake. Ila tangu siku ile mlango wa jiko lake haukufungwa tena. Hata baridi ya Julai, upepo ukimrudishia moshi machoni, aliuegemezea jiwe ubaki wazi. Na kila alipoweka kitu motoni, hata maji ya kuoga, aliita kwa heshima, kwa sauti ya kufika kwa majirani:

"Mama! Nimeweka sufuria. Kuja ufunue uone."

"Pika tu, mwanangu," Murugi alijibu kutoka kigodani kwake, macho chini, akitamani kuliko kitu chochote duniani auone mlango ule umefungwa.