Mdomo wa Nasike

Tangu Jumatatu Nasike hakukalika. Chai aliinywa wima, mafuta ya ndege aliyakagua mara tatu, na usingizi nao ulimpa mgongo. Jumamosi angeingia kwenye maonyesho ya ndege Nairobi, ndege arobaini zikitua asubuhi moja, ila mwalimu wake wa urubani, Kipkemei, alikuwa hajatia sahihi barua ya ruhusa. Alikuwa amempa mizunguko mitatu juu ya uwanja wa Kitale. Mmoja tu ukiwa safi, angetia.

Kutua hakukumshinda. Mstari wa chokaa uliochorwa pa kutua aliukanyaga kila mara. Kilichomponza ni mdomo. Kwenye msongamano kama ule wa maonyesho, mwongozaji husema redioni, na rubani hujibu kwa kutingisha mabawa tu, maana anayeongea huwaziba wenzake. Lakini Nasike alilelewa Bungoma na mama Edah, na kwa mama Edah mtoto asiyeitika akiitwa na mkubwa alikuwa na kesi ya wiki nzima. Basi Kipkemei, aliyesimama kando ya uwanja na redio mkononi, akisema, "Ndege nyeupe, tingisha mabawa," huyo naye: "Ndiyo, mwalimu." Mazoea yana taabu. Mizunguko miwili ikaharibika hivyo hivyo.

"Mwenye shida Jumamosi hatasikika kwa sababu yako," Kipkemei alimwambia. "Nyamaza, bana."

Alipaa mara ya tatu, akageuka juu ya mahindi, akasubiri sauti ya mwalimu. Ikaja nyingine.

"Nasike, ni mama. Umekula kitu?"

Mama! Kumbe alikuwa amefika kutoka Bungoma kumuaga, na Kipkemei, mjanja yule, akampa redio. Kidole cha Nasike kilikuwa tayari juu ya kitufe.

"Nasike? Si unanisikia?"

Alikiondoa kidole, akauma meno. Akayatingisha mabawa, kushoto, kulia. Aliona haya kama mtu aliyempita mamake sokoni bila salamu. Machozi yakamlenga, ila ndege akaiweka juu ya chokaa.

Aliposhuka, Kipkemei alikuwa ameinamia boneti ya gari, anatia sahihi. Nasike hata hakuitazama ile barua. Mama Edah alikuwa bado ameishikilia redio sikioni, anangoja.

"Nilikuuliza kitu," akasema.

"Sijakula, mama," Nasike akaitika. "Tangu jana."