Mkono Ndani ya Pipa

Shangazi alipasua tumbo la samaki, akaingiza vidole viwili, akatulia. Samaki mwenyewe alikuwa mkubwa, kichwa kimening'inia upande huu wa meza na mkia upande ule. Kutoka tumboni mwake Shangazi alitoa kisamaki cha urefu wa kidole, chenye mapezi mekundu, ambacho hakijaanza hata kusagika.

"Huyu hapa," alisema taratibu. "Miaka minne sijamtia machoni."

Visamaki vile ndivyo vilivyonilea. Mama yangu alipofariki, Shangazi alinichukua, na kazi yake ilikuwa moja tu: kuwaanika wadogo juu ya mawe na kuwapeleka sokoni. Mkubwa haanikiki. Ana mafuta mengi, juani anaoza. Lazima akaushwe kwa moshi, na moshi unataka kuni, na kilima cha nyuma ya nyumba kilikuwa kimebaki upara. Shangazi alikuwa na miaka sitini na mitatu, na bado alikipanda na shoka begani.

Aliyeileta aina ile ya samaki wakubwa ziwani ni mimi.

Nilikuwa dereva wa idara ya uvuvi. Miaka tisa kabla ya siku ile nilipewa mapipa sita ya vifaranga vya samaki hao kutoka mto wa mbali, safari ya kutwa nzima. Njiani wakaanza kuelea matumbo juu. Afisa niliyekuwa naye akakata tamaa. "Waache wafe," alisema, "tutaandika ripoti." Mimi nikakataa katakata. Kila tulipofika kwenye mto nilisimamisha lori, nikabadilisha maji, nikapanda nyuma na kuyakoroga kwa mkono, pipa baada ya pipa, ili yapate hewa. Wakapona. Nilipowamwaga ziwani nilifurahi kama mjinga.

Sikumwambia Shangazi. Kwa miaka yote ile alipowalaani waliotuletea balaa lile lililowameza wadogo wake, mimi nilikuwa namtua mzigo wa kuni na kunyamaza. Leo nimeshaupita umri aliokuwa nao, na ule unyamavu bado unanitia aibu kuliko lori.

Lakini siku ile, nilipokiona kile kisamaki kiganjani mwake, nilishindwa.

"Shangazi, waliletwa na lori langu."

Hakuinua macho. "Uliagizwa."

"Niliagizwa kuwaleta. Kuwaponya sikuagizwa."

Nikamweleza yote: mapipa, mito, mkono. Alisikiliza huku akikiosha kisamaki ndani ya bakuli.

"Tangu utotoni hujui kuacha kazi nusu," alisema mwishowe. Ilikuwa sifa aliyozoea kunipa mbele ya wageni. Sikuwahi kuisikia kwa sauti ile.

Akatoka nje, akakilaza kisamaki peke yake katikati ya jiwe pana. Kisha akarudi jikoni, akamkata yule mkubwa vipande, akakaanga, akaniwekea sahani mbele yangu. Mkono ulikataa kunyanyuka.

Akakaa karibu nami.

"Kula, mwanangu," alisema. "Hakuna kingine."