Mapigo ya Doto

Jumamosi ya kwanza ya Septemba 1996, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, Badriya binti Khattab alikuwa jikoni kwao Ibra, Oman, akipiga pasi sare yake ya shule. Chai ya maziwa ilikuwa motoni na redio ya baba yake ikisoma habari katika chumba cha pili. Alipoigeuza sare apige upande wa ukosi, kitu kizito kikamgonga ubavuni, akaanguka baina ya meza na jokofu. Hapakuwa na mtu. Alilala pale akingoja pumzi imrudie, kisha akainuka upesi aiondoe pasi, maana ukosi ulikwisha anza kuungua.

Mama yake, Mahfoudha, aliingia akiwa bado na tasbihi mkononi.

"Umeteleza?"

"Nimepigwa, mama."

"Na nani?"

"Sijui. Lakini ni mtu mzito."

Mahfoudha alimfunua nguo akaona ubavu umevilia damu. Kabla chai haijaepuliwa, Badriya alipigwa mara nne nyingine: pajani, mgongoni, na mara mbili ubavu uleule. Saa moja mapigo yakakoma. Alivaa sare yenye alama ya pasi akaenda shule, akitembea upande upande.

Jioni simu ililia kutoka Texas. Alikuwa Azzan, pacha wake, aliyepelekwa wiki tatu nyuma kwa mama mdogo Shukriya ili asome sekondari huko. Badriya ndiye kurwa. Alimtangulia Azzan kuzaliwa kwa dakika kumi na moja. Azzan ndiye doto.

"Mama, wamenitia katika timu!" alisema. "Si mpira wa miguu. Huu wao wa kukumbatia. Wameniangusha mara tano, majitu kama malori, na sikusikia hata kidogo. Kama naangukia godoro."

Mahfoudha alimtazama binti yake, aliyekuwa kochini na mfuko wa barafu ubavuni.

"Mara tano?"

"Mara tano, wallahi."

"Alhamdulillahi," alisema Mahfoudha, akamwita mumewe.

Khattab alizaliwa Tabora, akarudi Oman mwaka 1975 na sanduku moja, na sasa alikuwa karani katika ofisi ya maji. Alikuwa mtu wa kupima mambo. Alisikiliza, akasema, "Heri mapigo yampate aliye kwao. Hapa pana wa kumuuguza. Yule yuko ugenini." Basi jambo likawa limekwisha kuamuliwa, na chakula kikapakuliwa.

Mchezo wenyewe Badriya aliujua kwa mwili kabla hajauona kwa macho. Kazi ya Azzan ilikuwa moja: apewe mpira mkononi, aukumbatie, akimbie mbele mpaka watu wamwangushe. Halafu ainuke apewe tena. Timu yake ilicheza kila Ijumaa usiku, ambayo kwa Ibra ni Jumamosi alfajiri, siku ya kwanza ya wiki ya masomo. Mechi nyingine zilipindukia saa moja, na mwalimu wa hesabu wa kipindi cha kwanza alimpa Badriya dawati la karibu na mlango ili akianguka asiwaangukie wenzake. Wenzake walizoea. Msimu ukisha, mnamo Desemba, wakamuuliza kwa nini siku hizi hajishiki ubavu.

Kila Jumatano Mahfoudha alimpeleka katika soko la wanawake, kwa Shaikha, mwanamke wa Dima wa Tayyin aliyekuwa akiunga mifupa. Shaikha alimpapasa kama mtu achaguaye boga.

"Huyu akupigaye hapa huja kwa chini," alisema. "Na huyu wa huku hutanguliza kichwa. Mwambie nduguyo. Akisimama sawasawa, wewe utalala vizuri."

Badriya hakuwahi kulifikiria hilo. Jioni ile alipiga simu Texas.

"Doto, yule wa kulia anakuja magotini. Usimrukie. Mzunguke."

"Umejuaje, Kurwa? Mwalimu wetu ametazama mkanda siku mbili hakuliona hilo."

"Goti langu limeliona."

Jumamosi iliyofuata alipigwa mara tatu tu. Azzan alikuwa amefunga mara nne. Tangu hapo walizungumza kila Alhamisi. Badriya alimweleza nani mzito wa kulia, nani huchoka mwishoni, nani hutia kiwiko mahali refa hamwoni. Shukriya alituma mikanda ya video, na Badriya aliitazama na daftari pajani, akisimamisha picha na kuirudisha nyuma. Magazeti ya mji ule yaliandika kwamba kijana wa Oman ana macho kisogoni. Kufikia mwaka wa tatu vyuo vikuu vilikuwa vikigombea kumsomesha bure.

Mwaka 1999 Azzan aliingia chuo kikuu na Badriya akapata nafasi katika chuo kimoja cha ualimu mjini Sur. Huo ndio mwaka aliofurahi kuliko yote. Alitaka kusomesha jiografia. Bwenini alilala kitanda cha dirishani, na kutoka hapo aliziona taa za mtaa wa Aija ng'ambo ya hori. Lakini vijana wa chuo kikuu walikuwa wakubwa kuliko wale wa sekondari. Mwezi wa Oktoba, Jumamosi moja baada ya isha, Badriya alipigwa akiwa juu ya ngazi, akashuka daraja zote kwa mgongo.

Msimamizi wa bweni alikuwa mwanamke mwenye huruma. Alimfunga bendeji mwenyewe, akamwandikia barua ya kurudi nayo nyumbani. Barua ilisema kwamba mwanafunzi huyu hupigwa kwa niaba ya nduguye, jambo ambalo si maradhi, kwa hivyo haliingii katika ruhusa ya ugonjwa; arudi kwao mpaka nduguye atakapomaliza masomo. Khattab aliisoma akaiona ina haki. Azzan alimaliza masomo baada ya miaka minne. Nafasi ya Badriya ilikuwa imekwisha kupewa mwengine.

Mwaka 2001 kifundo cha mkono wake kilivunjika wakati akichambua mchele. Mwaka 2002 ilikuwa mbavu mbili. Aprili 2003 timu ya kulipwa ilimchukua Azzan. Madaktari wa timu walimpiga picha mwili mzima, wakaitana kuja kutazama. Walisema hawajapata kuona mkimbiaji aliyecheza miaka saba mwenye magoti ya mtoto mchanga.

Mei alikuja Ibra. Sabla la mtaa, baraza la wanaume lililopakana na nyumba yao, lilijaa. Wanaume walimbonyeza mikono, na mzee mmoja akamuuliza siri yake.

"Dua za mama," alijibu Azzan.

Nyuma ya ukuta, upande wa wanawake, Mahfoudha alilia kwa furaha. Badriya alikuwa jikoni akijaza kahawa katika chupa, mbavu zimefungwa kitambaa chini ya kanzu. Nyumba ya ghorofa waliyokuwa wameanza kujenga ilionekana kutoka dirisha lile. Watu walisema inajengwa kwa jasho la Azzan, na walisema kweli. Jasho lilikuwa lake.

Wageni walipoondoka Azzan alimfuata jikoni, akakaa juu ya gunia la mchele kama zamani.

"Doto," alisema Badriya, "wewe unajua?"

"Najua."

"Tangu lini?"

"Ule mwaka wa mkono. Nilisikia mfupa ukilia, nikautazama mkono wangu, mzima." Alichezea kifuniko cha chupa. "Nilidhani utaniambia niache."

"Ningekwambia, ungeacha?"

"Miaka mitatu tu, Kurwa," alisema. "Wakimbiaji hawadumu. Miaka mitatu, minne, wanakwisha."

"Kwa nini wanakwisha?"

"Wanavunjika."

"Wewe utavunjikaje?"

Azzan aliinua uso akamtazama. Ilionekana hesabu hiyo hakuwahi kuifanya. Kisha akachukua sinia la vikombe akampelekea mama yao.

Firas alikuwa mfamasia pale Ibra. Badriya alinunua bendeji kwake muda wa miaka miwili, na Firas alianza kumwekea zile pana kabla hajaziomba. Hakumuuliza nani anampiga. Siku moja alimuuliza tu timu gani inafuata, akamwongezea marhamu. Watu wake walikuwa wa Nizwa, waliorudi kutoka Mwanza, na walipokuja kuposa, mama yake, Ghalia, aliuliza swali moja.

"Haya mapigo yatabaki kwenu au yanakuja kwetu?"

"Bibi," alijibu Khattab, "mtoto wa kike huenda na chake."

Ghalia alikubali, shingo upande. Wakaelewana kwamba harusi ifanywe Februari, ambapo hakuna mechi.

Nizwa, Firas alikitia chumba kimoja magodoro, sakafuni na kutani, akaomba zamu za asubuhi ili Jumapili jioni awe nyumbani. Wakati wa mechi walikaa pamoja humo. Badriya akipigwa, Firas aliandika mahali palipopigwa, na Badriya alisema alivyodhani imetokea. Mara nyingi alipatia.

Mwezi wa Aprili akajua ana mimba. Alimpigia simu Azzan siku ileile.

"Nitakaa nje msimu huu," alisema Azzan bila kufikiri. "Wallahi, Kurwa."

Alikwenda kwa daktari wa timu akasema anaumwa mgongo. Daktari alimpiga picha, hakuona kitu. Akasema anaumwa goti. Daktari alicheka. Mwili wake haukuwa na udhuru hata mmoja, na mkataba ulisema mwenye mwili mzima acheze. Ndipo akampigia dada yake na kumwambia, "Basi nitakwepa."

Na alikwepa. Katika mechi sita za mwanzo, kila mtu alipomkaribia alikimbia nje ya mstari kwa hiari yake, au alipiga goti mpira ukiwa mkononi kabla hajaguswa. Watu walimzomea. Gazeti moja lilimwita bibi harusi. Alimtumia Badriya kipande kile cha gazeti, bila barua. Nizwa, Badriya alikaa kati ya magodoro akifuma soksi ndogo, na kwa mara ya kwanza tangu awe na miaka kumi na mitano, mwezi wa Septemba ulipita hana alama mwilini. Firas alimwambia amenawiri. Yeye mwenyewe alikuwa akiamka asubuhi akijipapasa, kama mtu aliyepoteza kitu.

Mechi ya saba iliangukia Ramadhani. Firas alikuwa amebaki msikitini baada ya tarawehe, na Badriya, wa miezi saba na ushei, alikuwa peke yake ameketi, miguu kainyosha. Alipigwa mara tatu mfululizo. La kwanza begani. La pili likamzungusha. La tatu lilikuja kwa chini, zito kuliko yote aliyowahi kupata, na Badriya alijikunja, akalikumbatia tumbo kwa mikono miwili, kama alivyomwona nduguye akikumbatia mpira katika mikanda yote ile. Pigo likampata mgongoni.

Alilala akisikiliza. Baadaye kidogo mtoto akacheza.

Kilichomuudhi hakikuwa maumivu. Ni kwamba kwa namna alivyopigwa alijua Azzan amepita mstari, amefunga, na moyo wake ulifurahi kabla haujaogopa.

Simu ililia mechi ilipokwisha, wakati Firas akivua viatu mlangoni.

"Kurwa! Uko salama? Na mtoto?"

"Yuko. Anacheza."

"Nilisahau," alisema Azzan. Alikuwa akilia. "Niliuona uwazi mbele yangu, nikasahau. Wallahi nilisahau."

"Ulifunga?"

"Nilifunga."

"Najua," alisema Badriya, akamkabidhi mumewe simu. Firas aliishika sikioni mpaka ikakatika yenyewe.

Zile mechi zilizofuata Azzan hakukwepa tena. Watu walimshangilia kuliko kwanza. Badriya alikuwa amelazwa, na wauguzi wa Nizwa, walipoelezwa, waliandika siku za mechi juu ya karatasi ya kitandani, chini ya saa za dawa.

Mtoto alizaliwa siku ya tatu ya Idi, kabla ya wakati, mdogo lakini mwenye sauti. Alikuwa msichana, wakamwita Maram. Siku mbili baadaye simu ilitoka Marekani kwamba mke aliyemwoa Azzan hukohuko amejifungua mvulana, Asaad, na kwamba Azzan ametia saini miaka minne mingine.

Jumapili Mahfoudha na Khattab walifika Nizwa kutoka Ibra, na jioni watu wa Firas nao wakaja. Kahawa ilizunguka, halwa ikazunguka. Khattab alieleza kwamba mjukuu wa Marekani amezaliwa na mapaja ya mkimbiaji. Wenyewe madaktari wamesema. Mahfoudha alimlaza Maram mapajani, akamfungua nguo alizoviringishwa. Alimpapasa miguu, kutoka nyonga mpaka kisigino, polepole, akamgeuza, akapitisha kidole juu ya uti wa mgongo.

"Katangulia siku mbili," alisema.

"Siku mbili," alisema Khattab.

"Mifupa imara huyu."

"Mashallah," alisema Khattab.

"Mashallah," wakaitikia wote chumbani, hata Ghalia.

Badriya aliinuka akamtwaa mwanawe. Alimviringisha tena nguo, akakaza mpaka Maram akalia, kisha akalegeza kidogo. Adhana ya isha ilikuwa imekwisha zamani. Alimpa Firas mtoto, akawaomba wageni radhi, akaenda chumba cha magodoro akafunga mlango, kwa kuwa mechi ilikuwa karibu kuanza.