Mota Iliyolia Jioni

Mzee Ambakisye aliwasagia watu wa kijiji cha Mbebe mahindi kwa miaka kumi na moja, na kila siku aliweka kiganja juu ya mota ya mashine kama anayemshika mtoto mwenye homa. Mota ilipoungua, kikundi cha akina mama wenye mashine kilimwita Yunisi, binti wa hapo kijijini aliyetoka chuoni na shahada ya umeme.

"Inalia jioni, mwanangu," mzee alimwambia. "Njoo saa kumi na moja uisikilize."

Yunisi alikwenda saa nne asubuhi. Akina mama walikuwa wamejaa wanamtazama, naye alitaka sana wamwonee fahari. Kati ya nyaya tatu zinazolisha mota, alipima mmoja tu.

"Umeme ni mzima," akasema. "Mota imezidishiwa mzigo."

"Si nilisema!" akadakia Mama Enesi, mwenyekiti. "Anamwaga mahindi kama anashindilia gunia!"

Wakacheka. Ambakisye hakucheka. Aliufungua ufunguo wa mashine kwenye mkanda wake, akauweka juu ya mzani, akaondoka.

Mota ikasukwa upya nyaya zake za ndani. Wiki ya tatu ikaanza kuchemka tena, na msagaji alikuwa mwingine. Safari hii Yunisi alikwenda saa kumi na moja, akapima nyaya zote. Wa kwanza volti 231, wa pili 228, wa tatu 189. Watu walikuwa wamewasha majiko na pasi, na nyumba mpya kumi na tisa zote zilining'inia kwenye waya huo wa tatu. Ni Yunisi mwenyewe aliyewabembeleza mafundi wa umeme waziunge kabla ya Krismasi. Wakaziunga palipokuwa karibu. Mota isiyolishwa sawasawa hula umeme mwingi, ikatoa joto badala ya kazi. Alilijua hilo. Aliwahi kulijibu kwenye mtihani.

Alimkuta mzee akipalilia maharage, akapiga magoti.

"Shikamoo, baba. Haikuwa wewe."

"Marahaba. Najua. Huwa naisikia mpaka huku." Akang'oa magugu mawili matatu. "Ila ulilisema mbele ya watu, mwanangu."

Jumapili, baada ya ibada, Yunisi alisimama mbele ya watu akasema kosa lilikuwa lake. Nyumba ziligawanywa kwenye nyaya zote tatu, mota ikapoa. Mama Enesi mwenyewe alimpelekea mzee ufunguo. Mzee alimkaribisha chai, ufunguo akaukataa.

Siku hizi, jioni, Yunisi hupitia mashineni akaweka kiganja juu ya mota, akaikuta vuguvugu tu. Nje, Ambakisye hupita na debe la mahindi kwenye baiskeli, humpungia mkono kwa upole, akaenda kuyasagisha kwenye kijiji cha pili.