Satelaiti Iliyokufa Ilipopita Juu ya Tukuyu

Usiku wa kuamkia leo nimeota ndoto iliyoanza mchana kweupe. Nimesimama katikati ya shamba la chai hapa Tukuyu. Mkononi nina antena niliyoiunda mwenyewe kwa vipande vya tepu ya chuma ya kupimia na bomba la plastiki, kiunoni nimening'iniza redio ndogo. Nina miezi mitatu tu tangu nianze kusaka sauti za satelaiti. Leseni sina. Naruhusiwa kusikiliza, siruhusiwi kusema.

"Umegeukia siko," antena ikaniambia. "Inatokea kusini mashariki."

Nikaomba radhi, nikageuka.

Mwisho wa shamba, pale mbingu inapogusa ardhi, palikuwa na dirisha la ofisi, na ndani karani mwanamke aliyevaa sweta la kijani. Nikajikuta nimeshafika dirishani bila kutembea, na shamba limekuwa ukumbi mrefu wenye sakafu ya saruji.

"Hapa ndipo kwenye upeo wa macho," karani alisema. "Satelaiti zote zinapandia kwangu, zote zinazamia kwangu. Unasubiri ipi?"

"Ile ya zamani, iliyokufa betri."

"Ile ikipigwa na jua huamka." Alifunua daftari. "Itakaa juu dakika kumi. Ina abiria mmoja. Ni wa kwenu."

Sikumuuliza ni nani. Kaka yangu Ambakisye alikuwa mtu wa redio kuliko mtu yeyote mjini kwetu. Mwaka jana alipanda juu ya paa kufunga antena, akateleza, akafariki kabla hatujamfikisha hospitali. Asubuhi hiyo simu yangu iliita, nikaliona jina lake. Nilikuwa nimekaa tu, sina shughuli yoyote. Niliiacha iite mpaka ikakatika. Hilo sijamwambia mtu, hata mama.

Karani akainua kizuizi kilichokuwa mbele yangu.

Redio inakwaruza. Mlio mwembamba unatokeza, unanenepa, unakuwa sauti ya mtu.

"Tumpe. Unanisikia, mdogo wangu?"

Naongeza sauti ya redio.

"Usijibu," antena inaniambia. "Huna leseni."

Nilikuwa nimesoma kwamba satelaiti ikija, masafa yake huwa juu kidogo, na ikiondoka hushuka, kwa hiyo anayesikiliza lazima ashuke nayo. Kweli, sauti ya Ambakisye ikaanza kushuka, na sakafu mbele yangu ikafunguka ngazi za kwenda chini. Nikashuka ya kwanza, sauti ikanyooka. Ikafifia tena, nikashuka ya pili. Ya tatu. Kuta hazikuwa saruji tena, zilikuwa udongo mweusi, wenye mizizi iliyokatwa kwa jembe. Kila nikishuka namsikia vizuri zaidi.

Nikabonyeza kitufe cha kusemea.

"Kaka, mimi sina jina la hewani."

"Tumia ulilopewa na mama."

"Hapa ni Tumpe, Tukuyu. Siku ile uliponipigia, simu niliiona. Nilikuwa nayo mkononi. Niliiacha iite."

Antena ikajikunja kama mtu anayeziba masikio.

"Nimekupata safi," alisema Ambakisye, vilevile alivyokuwa akiwaambia watu wa mbali. "Uko ngazi ya ngapi?"

"Ya tisa."

"Miguu inasikia baridi?"

"Inasikia."

"Basi simama hapohapo. Mimi nazama sasa. Usinifuate."

"Kaka, hujanijibu."

"Nakujibu. Ile simu, mimi nilikuwa..."

Mkwaruzo ukameza maneno. Masafa yalikuwa yameshuka tena kidogo tu. Chini yangu palikuwa na ngazi ya kumi, na nilijua kabisa kwamba nikiikanyaga nitaisikia sentensi yote. Nikanyanyua mguu. Baridi ikapanda mpaka gotini, tulivu, kama maji ya kisima. Nikamfikiria mama, ambaye sasa ana mtoto mmoja. Nikaurudisha mguu.

"Dakika zimekwisha," karani akasema kutoka juu, akashusha kizuizi.

Niliamka jua limeshaingia dirishani. Uani mama alikuwa anafagia. Nililia kidogo, kilio cha mtu anayejua kwamba ameota tu, kisha nikachukua simu nitazame saa. Kulikuwa na ujumbe kutoka namba nisiyoijua.

"Dada Tumpe, habari za asubuhi. Naitwa Liberati, niko Sumbawanga, na mimi ni msikilizaji wa satelaiti. Namba yako nimepewa na wenzetu. Samahani kwa kukusumbua mapema. Leo saa kumi na mbili na nusu nimekusikia ukiongea kupitia ile satelaiti iliyokufa. Huko kwenu ilipozama, huku kwetu ilikuwa bado iko juu, kama nusu dakika hivi, na yule kaka aliendelea kuongea. Halafu akanitaja jina, dada, na mimi simjui. Alisema hivi: 'Liberati, mwambie Tumpe nilikuwa bado sijaanguka. Nilimpigia ili atoke nje. Satelaiti ilikuwa inapita.'"