Ubao wa Baba

Kijiba cha roho nilichonacho kwa mdogo wangu si cha kuficha, na sioni aibu kukisema. Yeye ni kitinda mimba, na nyumbani tunamwita hivyo hivyo, Kitinda, ingawa sasa ana kitambi na duka la viatu. Nilipofungua kliniki yangu ya meno, baba alikuja, akakagua skrubu za kiti cha wagonjwa, akasema zimekaza vizuri, akaondoka. Kitinda alipofungua duka, baba alishinda pale kutwa nzima.

Halafu likaja suala la gari. Ni gari dogo jekundu la mbio, la viti viwili, halina paa, limenizidi umri. Baba, fundi saa mstaafu, alilinunua likiwa chuma chakavu na kulifufua mwenyewe kwenye gereji ya nyuma ya nyumba. Kila mwaka alikuwa akishindana nalo na wenzake wenye magari ya kale, kwa raha zao tu. Mwaka huu macho yamemkatalia. Akatuita mezani, akasema wikiendi hii tutaliendesha sisi, Kitinda Jumamosi, mimi Jumapili.

"Gari halikatwi vipande viwili," alisema. "Jumapili jioni mmoja wenu atachukua ufunguo."

Niliutaka ufunguo ule mpaka usingizi ukapungua. Nilitaka baba, walau mara moja, anipe mimi kitu mbele ya Kitinda.

Mbio zilikuwa kwenye uwanja wa ndege wa zamani, ule ambao majani yameanza kuota kwenye nyufa za lami. Jumamosi nilisimama nyuma, kwenye kivuli cha banda la kutengenezea magari, kikombe mkononi. Baba alikuwa mbele, kwenye ukuta mfupi wa kando ya njia, na kiti chake cha kukunja, chupa ya chai na ubao mweusi. Kwenye mbio hizi za magari ya kale hakuna redio. Mtu wako anakuandikia neno kwa chaki, anainua ubao unapopita, unasoma na kwenda zako.

Kitinda alipotokeza, baba aliinuka kama kijana na kuuinua ubao. Mzunguko uliofuata, tena. Na uliofuata. Mimi kwa nyuma niliona mgongo wa ubao na mgongo wa baba, basi. Hakukaa hata kidogo, chai ikapoa. Kitinda alimaliza katikati ya kundi, na kwa jinsi alivyokumbatiwa ungedhani amerudi kutoka vitani.

"Umependeza," nilimwambia, meno yamebana.

"Asante, dada." Jasho lilikuwa likimtiririka. "Kesho utanipita tu. Zile gia zinanishinda."

Ni kweli zinamshinda. Gari lile ukitaka kushusha gia unakanyaga klachi mara mbili, na katikati unagusa mafuta kidogo, la sivyo gia zinasaga mpaka majirani wanasikia. Mikononi mwangu hazisagi. Hilo ndilo lililozidi kuniudhi, kwamba asiyejua gia ndiye anayesimamiwa.

Jumapili nilianza vizuri. Nilipopita ukutani mara ya kwanza nilitupa jicho: baba amekaa, amekunja nne, anamimina chai. Ubao umeegemea kiti. Mara ya pili alikuwa anaipuliza chai. Nikayapita magari mawili mbele ya macho yake, baba akanywa chai.  Nikajisemea, haya, leo utasimama.

Mwisho wa njia iliyonyooka kuna kona yenye vibao vya njano, na hapo mwenye akili anashika breki. Mimi nilivipita vile vibao kwanza, ndipo nikakanyaga. Mkia wa gari ukateleza, tairi zikala majani, madigadi ya kushoto ikakwaruza pipa la mchanga. Nikarudi barabarani. Nilipofika ukutani baba alikuwa wima, ubao juu, herufi kubwa: TARATIBU.

Nilifurahi mpaka nikacheka ndani ya helmeti. Mtu mwingine angepunguza mwendo. Mimi nilitaka ubao uinuliwe tena, kwa hiyo mzunguko uliofuata nilichelewesha breki zaidi, na baba akasimama tena, mkono mmoja kichwani. Tukaenda hivyo mpaka bendera ya mwisho. Nilimaliza wa tatu.

Nilishuka nimejiandaa kukumbatiwa. Baba alikuwa amechuchumaa kando ya madigadi, anasugua mkwaruzo kwa kidole gumba.

"Ubao uliusoma?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Niliusoma, baba."

"Kila mara?"

"Kila mara."

Akainuka polepole, akatoa ufunguo mfukoni mwa shati. "Jana usiku nilishaamua kwamba huu ni wako, mwanangu. Ndiyo maana leo nilikuja na chai yangu nikakaa. Mtu usiyemhofia unamtazama kwa raha." Kisha akampa Kitinda, aliyesimama nyuma yangu. "Huyu gia hazijui. Lakini nikimwandikia, anasikia."

Tulipokuwa tunalisukuma gari kwenye trela, Kitinda alisema kwa sauti ya chini, "Jana mizunguko yote niliandikiwa neno hilo hilo la TARATIBU, dada. Nikawa naomba akae hata mara moja. Wewe anakutazama huku anakunywa chai. Nimekuonea wivu leo, sikufichi."

Nilifunga kamba ya trela, nikaikaza mara mbili.

Jioni walitangulia na pikapu, gari jekundu nyuma yao, mimi nikafuata na gari langu. Kwenye taa nyekundu nikasogea sambamba nao. Kitinda alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili, kama siku ya mtihani. Pembeni yake baba amelaza kiti, mdomo wazi, amelala fofofo. Kwenye gari langu hajawahi kusinzia. Taa ikawa kijani, wao wakaondoka taratibu, na mimi nikabaki pale mpaka wa nyuma yangu wakaanza kunipigia honi.