Uzito wa Wenye Mashamba

Jumatatu saa tatu asubuhi, Élise alipanga mifuko sitini ya udongo juu ya meza ya maabara, akaanza kupima. Alikuwa msaidizi katika chuo kimoja cha Bunia, na udongo huo aliuleta mwenyewe kutoka milima ya Djugu kabla vita havijafika huko. Mfuko wa kwanza, uliopaswa kuwa na gramu mia tano, ulikuwa mzito kama mtu. Mizani ikapasuka. Élise akaandika kwamba mizani imepasuka, akaenda mtaa wa Mudzipela kuazima ile ya kupimia magunia ya kahawa. Hiyo ikasoma kilo sitini na mbili.

Kufikia adhuhuri jambo lilikuwa wazi: kila mfuko ulikuwa na uzito wa mwenye shamba. Kwao Kpandroma, huko Djugu, mtu hachoti udongo wa shamba la mwenzake. Mwenyewe huchota kwa mkono wake na kutaja jina lake. Profesa Ambroise, mkuu wa utafiti, alikuwa ameagiza namba tu, lakini Élise aliandika majina, kwa adabu. Sasa wenye mashamba walikuwa wamekimbia vita, wanalala chini ya mahema karibu na uwanja wa ndege, na uzito wao ulibaki kwenye udongo. Ungebaki wapi kwingine?

Utafiti ulilipiwa na kampuni ya dhahabu. Mkataba, au convention kama walivyouita, ulikuwa mwepesi kusoma: kampuni italeta fedha, chuo kitaleta elimu. Serikali haikuwalipa walimu kwa miaka mingi, na mkono mtupu haulambwi. Monsieur Roger, mjumbe wa kampuni, alipoelezwa habari ya mifuko hakushangaa. Aliuliza tu kama uzito unabadilika.

Unabadilika. Mfuko wa Paul ulipungua kilo tatu kwa mwezi, kwa sababu ya njaa ya kambini. Wa Martine uliongezeka mpaka alipojifungua. Wa Claude ulishuka hadi gramu mia tano siku ya Jumatano, na Alhamisi ikaja habari kwamba amezikwa.

“Basi shamba ya Claude iko bure,” alisema Roger, akaandika.

Tangu hapo ripoti ikatakiwa kila mwezi. Wiki moja baada ya ile ya pili, watu wenye silaha waliingia kambini na orodha. Majina yalipangwa kwa uzito, na walianza na wazito, ambao wangekawia kufa. Élise alipopima tena, mifuko tisa ilikuwa imerudi gramu mia tano.

“Profesa, tuache hii kazi,” alisema. “Ripoti yetu njo inaua batu.”

“Tukiacha, convention inakufa,” alijibu Ambroise. “Na siye tutakula nini?” Aliona haya, hata hakumtazama usoni. Lakini ripoti aliitia saini.

Kufikia Novemba, mzito kuliko wote waliobaki alikuwa Immaculée, mama yake Élise, mwenye kilo arobaini na moja. Akimwandika mzima, atauawa. Akimwandika mfu, shamba litakwenda. Aliandika gramu mia tano. Lilikuwa neno la kwanza la uongo katika daftari lake.

Watu wenye silaha walikuja kambini, wakampita mama bila kumwuliza kitu. Januari, mashine za kampuni zilifukua shamba lake lote, maharage pamoja na kaburi la mume wake.

Immaculée akaja chuoni kwa miguu. Roger na Ambroise walikuwa maabarani pamoja na Élise.

“Kama niko mufu ku karatasi, munipe udongo yangu,” alisema. “Hiyo tu njo imebaki.”

Roger aliagiza mfuko uwekwe kwenye mizani. Kilo arobaini na moja. Aliutazama mshale, akamtazama na mama.

“Mama, ripoti imekwisha kupita.”

“Lakini niko hapa.”

“Naona.” Roger alifungua mkataba, akamsomea kwa upole kwamba kila sampuli ni mali ya anayelipia utafiti. Kisha akamwambia Élise aongeze maelezo mbele ya jina la mama yake: kosa la mizani. Na kwa kuwa kazi ilikuwa nzuri, kampuni ilikuwa tayari kuendelea miaka mitatu zaidi, na safari hii wangepima udongo mpaka Aru, kaskazini.

Élise alishika kalamu, asiandike. Chozi likadondoka juu ya daftari. Ambroise alikuwa akiangalia dirishani.

Mama yake alimkaribia, akalifuta lile chozi kwa ncha ya kitenge ili karatasi isiharibike.

“Andika, mutoto yangu,” alisema. “Ile kazi njo inakulisha.”

Élise akaandika.